Neno "Chai" Darasani: Kufundisha Semi za Kiingereza kwa Kuanzia na Lugha ya Mtoto

Katika ufundishaji wa Kiingereza katika shule zetu za msingi, jambo moja huwasumbua wanachuo kuliko sarufi, nalo ni semi. Sarufi ina kanuni, na kanuni huweza kuandikwa ubaoni. Semi hazina kanuni ya namna hiyo. Mtoto hulijua kila neno lililomo katika sentensi, lakini sentensi yenyewe haimwambii lolote; na mara nyingi mwalimu wake naye yumo katika hali hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo semi ama huachwa kabisa, ama huandikwa ubaoni kwa orodha, upande mmoja Kiingereza na upande wa pili Kiswahili, na watoto wakaamriwa kuzikariri. Orodha ya namna hiyo haidumu vichwani mwao hata juma moja.

Nia ya makala haya ni kueleza njia nyingine. Njia yenyewe ni kulichukua neno moja la kawaida ambalo mtoto analo nyumbani, kuzikusanya semi zilizojengwa juu ya neno hilo katika lugha anayoijua, kisha ndipo kuvuka kwenda katika Kiingereza. Neno nililolichagua kuwa mfano ni chai. Nimelichagua kwa kuwa wanachuo wangu wengi hufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Lupembe, ambako chai ni kazi ya wazazi. Na kwa kuwa Waingereza nao wamelijengea neno hilo semi nyingi. Lakini atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba neno hili dogo lilitufikisha mahali ambapo somo la Kiingereza peke yake halikutosha.

TATIZO LILIVYO

Lupembe iko mashariki ya mji wa Njombe, katika nchi ya baridi, ukungu na mvua nyingi. Mtoto wa huko anaijua chai kabla hajaijua chaki. Anajua kwamba huchumwa majani mawili pamoja na chipukizi lake, na kwamba jani lililokomaa halitakiwi. Anajua pia kwamba majani mabichi hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, kwa maana yakikaa yamesongamana hupata joto, hubadilika rangi, na yakifikia hapo hukataliwa. Mtoto huyo huzungumza Kibena nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni, na Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, isiyosikika nje ya chumba cha darasa.

Katika shule mojawapo ya huko niliketi nyuma ya darasa la sita kumsikiliza mwanachuo aliyekuwa akifundisha semi. Aliandika ubaoni "It is not my cup of tea", akaifasiri neno kwa neno: si kikombe changu cha chai. Kisha akawataka watoto watunge sentensi ya kutumia msemo huo. Msichana mmoja akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, kikombe hiki si changu cha chai, ni cha kaka." Darasa halikucheka, na halikuwa na sababu ya kucheka. Kwa maneno aliyopewa, msichana yule alitunga sentensi iliyo sahihi kabisa. Mwanachuo akairudia tafsiri ile ile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Huo ndio ubaya wa tafsiri sisisi katika semi. Inampa mtoto kikombe, na chai, na mwenye kikombe, lakini haimpi kazi inayofanywa na msemo. Mwingereza asemapo hivyo hazungumzii vyombo. Anakataa jambo bila kulidharau: muziki fulani, mchezo fulani, kazi fulani haimpendezi yeye, ingawa anakubali kwamba wengine waweza kuipenda. Ni kukataa kwa heshima. Sasa basi, mtoto wa Lupembe anajua vizuri kukataa kwa heshima. Anajua kusema, "Hayo siyo mambo yangu," au, "Wengine wanapenda, mimi hapana." Laiti angeulizwa kwanza, "Unasemaje unapolikataa jambo bila kumuudhi aliyekuletea?" angekuwa amekwisha kufika nusu ya safari kabla ya Kiingereza kutamkwa.

CHAI KATIKA LUGHA YETU

Baada ya kipindi kile tulikaa wanachuo na mimi tukaanza kuandika yale ambayo Waswahili wanasema kwa neno chai. Nilidhani tutapata semi nne au tano. Tulijaza ukurasa.

Kwanza, kunywa chai. Mtu akikuuliza asubuhi, "Umeshakunywa chai?" hakuulizi habari ya kinywaji. Anauliza kama umepata chakula cha asubuhi. Unaweza kuwa umekula kiporo cha ugali na uji, usione jani moja la chai, na bado ukajibu kwa ukweli, "Ndiyo, nimekunywa." Kwa kinyume chake kuna chai kavu, yaani chai isiyo na kitafunio chochote, na msemo huu una huzuni ndani yake, kwa kuwa mwenye kuusema anaeleza hali ya nyumba yake.

Pili, karibu chai. Neno hili husemwa kwa kila apitaye wakati watu wako mezani. Mpitaji hujibu, "Asante, endeleeni," naye huenda zake, na pande zote mbili zimetimiza wajibu. Aliyekaribisha hakudanganya, na aliyekataa hakudharau. Mgeni asiyeijua desturi hii anaweza kukaa na kungoja kikombe.

Tatu, majina ya chai yenyewe. Chai isiyo na maziwa huitwa chai ya rangi. Wapo waiitao chai ya mkandaa, kwa jina la mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Wengine husema sturungi, neno ambalo yaelekea limetokana na Kiingereza cha mtu aliyetaka chai iliyokolea. Hapa wanachuo walifurahi kuona kwamba Kiswahili nacho hukopa kutoka Kiingereza, hulipika neno upya, na hatimaye mwenye neno hawezi kulitambua.

Nne, misimu. Katika miaka ya 1980 mjini Dar es Salaam yalikuwako magari madogo ya abiria yaliyoitwa chai maharage, ambamo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana. Magari hayo hayapo tena, lakini jina lake limebaki vinywani mwa wazee wa mji. Vijana wa siku hizi nao wana chai yao. Mtu akisimulia habari isiyoaminika, wenzake humwambia, "Hiyo ni chai," maana yake ni uongo wa kutunga. Misimu ya namna hii husafiri upesi. Makambako, palipo njia panda ya barabara ya Songea na barabara kuu ya Iringa na Mbeya, na penye kituo cha reli ya TAZARA, ni mlango wa maneno mapya kama ulivyo mlango wa bidhaa mpya. Neno lililozaliwa Kariakoo hushuka stendi, na baada ya muda si mrefu hulisikia likisemwa na mchunga ng'ombe.

Tano, chai ya kumpa mtu ili akutendee lile ambalo ni wajibu wake kulitenda. Hiyo nitaieleza mbele, kwa maana inahitaji nafasi yake.

CHAI KATIKA KIINGEREZA

Kabla ya kuingia katika semi, yafaa mwanachuo ajue kwamba chai na tea ni ndugu wa tumbo moja. Neno hili asili yake ni Uchina, na huandikwa kwa alama moja, ila hutamkwa kwa namna mbalimbali. Katika sehemu nyingi za nchi hiyo hutamkwa cha. Wareno waliofanya biashara kupitia Macau huiita chá hadi leo, na Waajemi waliipata kuwa chay, na kwa njia ya Uajemi na Bahari ya Hindi ikatufikia sisi kuwa chai. Lakini katika lahaja ya pwani ya Fujian hutamkwa te. Waholanzi walinunua huko, na Waingereza wakaipokea kutoka kwa Waholanzi. Ukilisimulia jambo hili darasani, watoto huacha kuyaona maneno ya Kiingereza kuwa mawe yaliyodondoka kutoka mbinguni. Wanaona kwamba maneno huenda kwa njia za biashara, kama vile mmea wenyewe ulivyoletwa Tanganyika na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20.

Semi za Waingereza zinazotumia neno hili ni nyingi. Nitachagua zile zenye mafunzo.

Mwingereza akikataa jambo kwa nguvu husema hatalitenda "for all the tea in China", hata akipewa chai yote ya Uchina. Msemo huu una historia ndani yake. Hadi miaka ya 1830, Waingereza walipoanza mashamba ya Assam, chai ya Ulaya ilitoka Uchina, na bei yake ilikuwa kubwa. Kwa hiyo chai yote ya Uchina ilikuwa mfano wa utajiri usio na kifani. Mmoja wa watoto aliyeelezwa hivyo alisema angefaa kusema, "hata nipewe chai yote ya Lupembe." Mtoto huyo ameuelewa msemo kuliko aliyeukariri.

Ugomvi mkubwa juu ya jambo dogo huitwa na Waingereza "a storm in a teacup", dhoruba ndani ya kikombe cha chai. Wamarekani hupenda kusema dhoruba iko ndani ya birika. Wazo lenyewe ni la kale kuliko chai ya Ulaya. Cicero, mwanasheria na msemaji wa Roma aliyeishi kati ya mwaka 106 na 43 kabla ya Kristo, alitaja msemo wa mtu avumishaye mawimbi ndani ya upawa. Upawa, kikombe, birika: chombo hubadilika kufuata jiko la watu, wazo hubaki. Mwulize mtoto wa Lupembe angeiweka dhoruba hiyo katika chombo gani. Nimesikia wakisema kata, na nimesikia wakisema kibuyu. Majibu yote mawili ni mema.

Mgeni pia apaswa kuonywa kuhusu neno lenyewe likiwa peke yake. Kaskazini ya Uingereza, mtu akikukaribisha kwa tea huenda anakuita kwenye chakula cha jioni, si kikombe na biskuti. Kwetu chai ni chakula cha asubuhi; kwao yaweza kuwa cha jioni. Neno moja limegawanya siku katika ncha zake mbili. Na katika misimu ya watu wa mitaani wa London, "tea leaf", yaani jani la chai, ni mwizi, kwa sababu tu maneno hayo yana vina sawa na neno la Kiingereza lenye maana ya mwizi. Kwa mtoto wa Lupembe jani la chai ni karo, sare na madaftari. Hakuna kamusi ya neno kwa neno itakayomvusha kutoka hapo hadi kwa mwizi.

MAHALI AMBAPO NENO LINAGEUKA

Mfano ulionifundisha zaidi ni huu. Vijana wa Marekani, na sasa wa nchi nyingi zinazosema Kiingereza, husema "spill the tea", mwaga chai. Maana yake ni kutoa habari za siri za watu. Msemo huu ulianza miongoni mwa Wamarekani weusi, na wengi hueleza kwamba chai hiyo kwanza ilikuwa herufi T tu, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya ukweli. Wanachuo wanaujua, wameusikia katika simu zao.

Niliwaambia waufasiri kwa Kiswahili. Wengine wakaandika "mwaga chai." Nikawauliza kijana wa Makambako akisikia hivyo ataelewa nini. Wakanyamaza, kisha wakaanza kucheka, kwa sababu waliona wenyewe. Kwa kijana wa Marekani chai ni habari ya kweli iliyofichwa. Kwa kijana wa Tanzania chai ni habari ya uongo iliyotungwa. Tafsiri ya neno kwa neno haikupoteza maana tu, imeigeuza ikawa kinyume chake.

Ndipo mmoja wao akasema, "Mkufunzi, sisi tunamwaga ubuyu." Naam. Watoto wa mjini humung'unya ubuyu uliotiwa sukari na rangi, na ubuyu huo umekuwa jina la umbea; mwenye kuutangaza anaumwaga. Wazee nao walikuwa na mtama wao, kwa maana waliasa kwamba penye kuku wengi usimwage mtama. Waingereza, mbali na chai, wana maharagwe yao ambayo mtoa siri huyamwaga. Tazameni basi: chai, maharagwe, ubuyu, mtama. Vitu vimetofautiana, lakini tendo ni moja, kumwaga, kwa kuwa siri iliyotoka hairudi, sawa na nafaka iliyomwagika mchangani. Mwalimu anayetafuta kitu cha kufanana na kitu atapotea. Anayetafuta kazi ya msemo ataukuta ubuyu.

CHAI ISIYONYWEWA

Sasa nirudi kwenye chai ile niliyoiahirisha. Mwanachuo mmoja wa kike aliitumia njia hii katika darasa la saba, katika shule nyingine ya eneo lile lile. Aliwaagiza watoto waje kila mmoja na sentensi moja ya Kiswahili yenye neno chai, waliyoisikia kwa mtu mzima. Nilikuwapo. Sentensi zilikuja kwa wingi, naye akaziandika ubaoni moja baada ya nyingine. Kisha mvulana mmoja akasoma yake: "Mama alitoa chai ndipo majani yakapimwa."

Mwanachuo akamwuliza kwa upole, "Chai ya kikombe?"

"Hapana, mwalimu. Elfu mbili."

Darasa lilinyamaza. Watoto walijua, na walijua kwamba mimi, mgeni niliyeketi nyuma, nami nimesikia. Mama huyo alikuwa na majani yake kwenye foleni, na jua lilikuwa likipanda. Nimekwisha kueleza yanayoyapata majani yanapokawia. Hakuwa na muda wa kubishana, na aliyekaa penye mizani alilijua hilo.

Nilimwangalia mwanachuo nione atafanya nini, maana jambo hili halikuwa katika andalio la somo. Hakumwuliza mtoto ni mizani gani, wala ni nani, wala ilikuwa lini. Aliandika ubaoni maneno mawili tu, "Alitoa chai," bila mama na bila majani, akamwambia mvulana aketi na kwamba sentensi yake ni nzuri. Halafu akalielekea darasa lote, akauliza, "Kwa nini watu huiita chai, wasiiite kwa jina lake?"

Jibu la kwanza lilitoka dirishani, kwa msichana ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi: "Kwa sababu chai haikatazwi."

Wa pili akasema, "Kwa sababu chai anapewa mgeni."

Mwanachuo akauliza, "Na hapo mgeni alikuwa nani?" Hakuna aliyejibu, wala yeye hakudai jibu.

Katika miaka yangu ya ukufunzi sijasikia tafsida ikielezwa vizuri kuliko walivyoieleza watoto wale wawili. Tafsida ni neno zuri linalofunika jambo baya au la aibu. Yako mafuniko yaliyo ya heshima, kama tunaposema mtu amejifungua au ameaga dunia. Na yako mafuniko yanayomlinda mwenye kosa. Chai ni ya aina hii ya pili. Imeazima wema wa ukarimu wetu, ule wa karibu chai, ikaupeleka penye mizani na kaunta. Kitu kidogo hufanya kazi hiyo hiyo kwa kujifanya kidogo.

Jambo hili si la mitaani peke yake. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, usihesabiwe kuwa rushwa. Takrima ni neno zuri, lenye asili ya Kiarabu, la kumtukuza mgeni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwaka 2007 ikatungwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, iliyounda TAKUKURU. Sheria hutaja rushwa kwa jina lake, nayo haina budi kufanya hivyo. Hebu fikirini shauri ambalo shahidi anasema, "Nilimpa chai," na mkalimani akaandika kwa Kiingereza kwamba shahidi alimpa mtu yule kinywaji. Kosa limefutika kwa tafsiri. Waingereza wenyewe wana neno lao la kufunika jambo hilo hilo. Huita "sweetener", kitu cha kutia utamu. Chai ya kwetu na sukari ya kwao zimekutana katika kikombe kimoja.

Wenzangu wawili chuoni hawakuafiki niliposimulia kipindi kile. Walisema kipindi cha Kiingereza si cha uraia, na kwamba mwalimu anayeokota maneno ya majumbani anaweza kumletea mtoto balaa. Hoja yao ya pili ni nzito, nami naikubali: mama yule angeweza kukataliwa majani yake msimu mzima. Ndiyo sababu nasifu alivyotenda mwanachuo, kuliondoa jina na mahali kabla ya kuliondoa chaki mkononi. Lakini hoja ya kwanza siwezi kuikubali. Neno lile halikuletwa darasani na mwalimu. Lilikuwamo tayari, katika daftari la mtoto, na kabla ya daftari katika nyumba yake. Shauri lililobaki lilikuwa moja tu: ama mwalimu alisikie, ama ajifanye hakulisikia. Mwalimu akijifanya hakusikia, mtoto atajifunza kwamba shuleni maneno hayana uhusiano na mambo.

HATUA ZA KUFUATA

Kwa mwanachuo atakayependa kuijaribu njia hii, nashauri utaratibu ufuatao, ambao unahitaji vipindi viwili.

1. Chagua neno la kawaida lililo hai katika eneo la shule. Lupembe ni chai. Penye ziwa laweza kuwa samaki, pwani yaweza kuwa nazi. Maneno kama mkono, kichwa na maji yanafaa kila mahali.

2. Siku moja kabla, waagize watoto walete sentensi walizozisikia kwa watu. Wasitaje majina ya watu. Sharti hili liwekwe mapema, lisingojewe hadi jambo litokee.

3. Ziandike sentensi ubaoni, na kwa kila moja uliza maswali matatu: Nani husema hivi? Humwambia nani? Husema ili afanye kazi gani: kukaribisha, kukataa, kudhihaki, kuficha? Usiulize "maana yake nini" mpaka maswali hayo yamejibiwa.

4. Katika kipindi cha pili leta semi za Kiingereza, zisizidi tatu. Kila msemo uuweke ndani ya kisa kifupi cha watu wawili wanaozungumza, ili watoto waone kazi yake. Usiutafsiri.

5. Watoto watafute msemo wa Kiswahili, au wa lugha ya nyumbani, unaofanya kazi ile ile. Msemo huo hauna haja ya kuwa na neno lile lile. Kama haupo, waeleze kwa maneno ya kawaida. Kukosekana kwa msemo nako ni ujuzi.

6. Mwisho waigize: wawili wawili, mmoja alete jambo, wa pili alikatae kwa heshima kwa Kiingereza. Hapo ndipo utakapojua kama wameelewa.

Yako mambo ya kutahadhari. Misimu huzeeka upesi; mwalimu asiifundishe kana kwamba ni lugha ya mtihani, bali awaonyeshe watoto kwamba ina mahali pake na watu wake. Mtoto ajue kwamba asemacho kwa rafiki yake hawezi kukiandika katika barua kwa mwalimu mkuu. Vilevile mwalimu asione haya kusema kwamba msemo fulani haujui, na kwenda kuuliza. Wazee wa kijiji ni kamusi zinazotembea, na wengi wao hungoja kuulizwa.

HITIMISHO

Tangu mwaka 1967 watoto wetu wamefundishwa elimu ya msingi kwa Kiswahili katika shule za umma, na wakifika sekondari hukutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mwanya huo ni mpana, nao huvukwa kwa miguu ya mtoto, si ya mwalimu. Anayeuvuka akiwa amezoea kuuliza kila msemo unafanya kazi gani hatapotea kwa urahisi, hata akutane na semi ambazo hakufundishwa na yeyote. Anayeuvuka na orodha mkononi ataanguka pale orodha inapokwisha.

Zaidi ya hayo, ndugu wanachuo, mtoto aliyezoea kuuliza neno linafunika nini hatauliza hivyo kwa Kiingereza peke yake. Atauliza penye mizani, atauliza mbele ya kaunta, na siku moja huenda yeye mwenyewe akakaa upande wa pili wa mizani hiyo. Andaeni somo la semi mkiwa na mtu huyo akilini.